Mugo wa Kibiru na Nyoka wa Chuma

Reli itokayo Nairobi kwenda Kisumu hupita Kibera, katikati ya nyumba za watu. Mwanafunzi akaaye Nyayo Highrise au Kawangware huijua tangu utoto wake. Ameiona, ameivuka, na amesikia gari la moshi likipiga honi ili watu wajitenge na njia. Kwake yeye reli ni kitu cha kawaida kama barabara. Lakini palikuwa na wakati ambapo watu wa bara hii hawakuwa wameiona reli, wala hawakuwa na jina la kuiita. Wazee wa Wakikuyu husimulia kwamba katika wakati huo mtu mmoja aliiona. Hakuiona kwa macho ya kichwani. Aliiona usiku, katika maono, nayo ilikuwa na umbo la nyoka wa chuma. Mtu huyo aliitwa Mugo wa Kibiru.

Katika insha hii twataka kutazama habari za mtu huyo, maono yake, na shauri alilowapa watu wake. Kisha hatuna budi kuuliza swali lililo gumu zaidi: habari kama hizi azipokee vipi mtu aliyesoma? Wako wanaozicheka, na wako wanaozimeza nzima bila kutafuna. Mwanafunzi wa historia hana ruhusa ya kufanya hili wala lile.

Wakikuyu wa zamani hawakuwa na mfalme. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee, kila upande wa mlima na wazee wake. Walimwamini Mungu mmoja, Ngai, ambaye makao yake yalikuwa juu ya Kirinyaga, yaani Mlima Kenya, nao walimtolea sadaka chini ya miti ya mugumo. Kati ya Ngai na watu alikuwapo mtu aitwaye mundu mugo. Kazi yake ilikuwa kuponya wagonjwa, kutakasa waliopatwa na uchafu wa mwiko, na kuagua mambo kwa kuhesabu mbegu zilizotiwa katika kibuyu. Mtu hakujichagulia kazi hiyo. Aliitwa, na mara nyingi aliitwa kwa ndoto au kwa maradhi, hata akakubali.

Mugo wa Kibiru, ambaye wengine humwita Chege wa Kibiru, alikuwa mkubwa miongoni mwa watu wa namna hiyo. Simulizi moja yasema kwamba mtu wa Kariara, katika nchi ya Murang'a, aliyeitwa Kibiru, alikwenda mwituni kutazama mitego yake, akamkuta mtoto mwanamume peke yake, asiye na baba wala mama. Akamchukua, akamlea kama mwanawe. Mataifa mengi husimulia hivyo juu ya watu wao watakatifu: kwamba walitoka mahali pasipojulikana. Kusimulia hivyo ni njia ya kusema kwamba maneno ya mtu huyo hayakuwa mali ya ukoo mmoja, bali yalikuwa ya taifa zima.

Sasa tuyatazame maono yenyewe. Yasemekana kwamba asubuhi moja Mugo aliamka akitetemeka, mwili wake umejaa michubuko, na hawezi kunena. Wake zake walishikwa na hofu, wakawaita wazee. Wazee wakatoa sadaka, wakamwomba Ngai, hata ulimi wake ukafunguka. Ndipo aliposema, kwa sauti ya chini na ya huzuni, kwamba Ngai alikuwa amemchukua usiku hadi mahali asipopajua, akamwonyesha yatakayowapata Wakikuyu. Alipoyaona alitaka kumsihi Ngai ayazuie, lakini hakuweza, na michubuko ile ilikuwa alama ya mashindano yake. Hakurudi na furaha ya mtu aliyepewa siri. Alirudi kama mtu aliyepigwa.

Alisema kwamba wageni watatokea katika maji makubwa ya mashariki. Rangi yao itafanana na ya chura mdogo mweupe, na nguo zao zitakuwa kama mbawa za vipepeo. Mikononi watachukua fimbo zitemazo moto. Baadaye wataleta nyoka wa chuma mwenye miguu mingi kama tandu, atemaye moto na moshi, naye atanyoosha mwili wake kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi. Kabla ya hayo kutimia itakuja njaa kubwa, na taabu yake itawafikia Wakikuyu na jirani zao.

Vijana wa vita waliposikia hayo walishika mikuki yao, wakaapa kumwua nyoka huyo na wenyewe. Mugo akawazuia. Aliwaambia kwamba fimbo zile za moto zitawaua kabla hawajakaribia, na kwamba hakuna mkuki utakaopenya ngozi ya nyoka wa chuma. Kisha akatoa shauri, na hapa msomaji ausikilize vizuri mgawanyo wa maneno yake, maana shauri hili lilikuwa na sehemu mbili. Sehemu ya kwanza: wageni hao wapokeweni kwa adabu, msipigane nao. Sehemu ya pili: jihadharini nao, wala msiwalete karibu na miji yenu, kwa kuwa wataitamani nchi, na mwisho watataka kuchukua kila kitu.

Mambo yaliyofuata yameandikwa, nayo yana tarehe. Mwezi wa Oktoba 1890 Frederick Lugard, aliyekuwa mtumishi wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, alifika Dagoretti, mwendo mfupi kutoka mahali palipo Kawangware leo. Alipokewa na Waiyaki wa Hinga, mmoja wa watu wakubwa wa upande ule. Wawili hao walikula kiapo cha udugu, na Lugard akaruhusiwa kujenga ngome. Yeye mwenyewe akaendelea na safari ya Uganda. Lakini watu waliobaki katika ngome, pamoja na misafara iliyopita, walianza kuchukua chakula mashambani bila kulipa. Ugomvi ukazuka. Katika mwaka wa 1891 ngome iliachwa, ikachomwa moto. Mwaka huo huo Kampuni ikajenga nyingine, Fort Smith, huko Kabete. Agosti 1892 Waiyaki aligombana na Wazungu wa ngome hiyo, akajeruhiwa kichwani, akafungwa minyororo, akapelekwa njia ya pwani. Hakufika. Alifariki Kibwezi mwaka huo huo, akazikwa huko, mbali na kwao.

Twaona basi kwamba sehemu ya kwanza ya shauri ilifuatwa: mgeni alipokewa. Sehemu ya pili ilikuwa ngumu zaidi. Mgeni aliyekula nawe kiapo cha udugu utamwambiaje asijenge karibu? Waswahili husema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu siku ya tatu hakungoja kupewa jembe, alitaka shamba.

Njaa nayo ilikuja. Kwanza sotoka ilikuwa imewaua ng'ombe wa Afrika Mashariki kuanzia mwaka 1890 au karibu yake. Kisha, baina ya 1898 na 1900, mvua zilikosekana, na ndui ikaenea pamoja na njaa. Wakikuyu waliita njaa ile Ng'aragu ya Ruraya, yaani njaa ya Ulaya. Kusini mwa nchi yao, karibu na Nairobi, watu wengi walikufa na wengine walihamia kwa jamaa zao wa kaskazini. Mashamba yakaota magugu. Walowezi walipokuja baada ya 1902 walikuta nchi inayoonekana kuwa tupu, na serikali ikawagawia. Wenye mashamba waliporudi walikuta wamekuwa maskwota katika ardhi ya baba zao. Hiyo ndiyo mizizi ya malalamiko ya ardhi yaliyodumu hata wakati wa Mau Mau.

Na nyoka akaja. Reli ya kwanza ilitandikwa Mombasa mwaka 1896. Watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kuifanya kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walikufa kwa maradhi, kwa ajali, na kwa simba wa Tsavo. Mei 1899 reli ilifika mahali penye maji baridi ambapo Wamasai walipaita Enkare Nairobi. Kambi ya mafundi ikawa mji. Desemba 1901 ilifika ziwani, mahali paitwapo sasa Kisumu. Kutoka maji ya mashariki hadi maji ya magharibi ni maili zipatazo 580. Njia yenyewe imenyooshwa na kubadilishwa mahali pengi tangu siku zile, lakini ncha zake mbili ni zile zile: bahari na ziwa.

Wakikuyu hawakuwa peke yao katika kusimulia maono ya nyoka huyo. Wakamba humtaja nabii mwanamke aitwaye Syokimau, ambaye yasemekana alisema habari za nyoka mrefu na za wageni wachukuao moto mfukoni. Jina lake limepewa mtaa ulio nje kidogo ya Nairobi, na mwaka 2012 kituo cha reli kilifunguliwa huko, kikaitwa Syokimau. Hivyo mwanamke aliyemtabiri nyoka amepewa kituo ambapo nyoka husimama kupumzika. Miongoni mwa Wamasai, oloiboni Mbatian, aliyefariki yapata 1890, hukumbukwa kwamba alitabiri tauni ya ng'ombe, ndui, na kuja kwa watu weupe. Kilele kirefu kuliko vyote cha Mlima Kenya kinaitwa Batian kwa jina lake.

Lakini habari iliyo ya kusikitisha kuliko zote ni ya Wanandi. Kiongozi wao wa mambo ya roho huitwa orkoiyot. Katika miaka ya kabla ya 1890 alikuwa Kimnyole arap Turukat. Naye alisema kwamba nyoka atokaye ziwa la mashariki, atemaye moto na moshi, atakuja kukata kiu yake katika ziwa la magharibi, na kwamba wageni wataitawala nchi. Kisha msiba uliwapata Wanandi: vijana wao wengi waliuawa katika vita vya kunyang'anya ng'ombe, ambavyo yeye alidaiwa kuvibariki, na maradhi yakaingia nchini. Watu walimshitaki kwamba ndiye aliyeleta mabaya hayo, wakamwua kwa marungu. Mtu aliyeonya juu ya nyoka aliuawa na wale aliowaonya.

Mwanawe, Koitalel arap Samoei, alichagua njia ambayo Mugo aliwakataza vijana wa Kikuyu. Alipigana. Kuanzia 1895 hadi 1905 Wanandi walishambulia misafara, wakakata nyaya za simu, wakang'oa vyuma vya reli na kuvifua kuwa silaha na mapambo. Waweza kusema kwamba walikuwa wakimchuna nyoka ngozi angali hai. Mnamo tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel alikwenda kukutana na Waingereza kwa mazungumzo ya amani. Ofisa aitwaye Richard Meinertzhagen, ambaye hapo kabla alikuwa katika vita vya kuwaadhibu Wakikuyu, alimpiga risasi akamwua. Wanandi waliondolewa katika sehemu kubwa ya nchi yao iliyo karibu na reli.

Lenana, mwana wa Mbatian, alichagua njia nyingine. Alifanya urafiki na Waingereza tangu mwanzo. Mwaka 1904 alitia alama katika mkataba uliowahamisha Wamasai kutoka Bonde la Ufa, na mkataba huo ulisema kwamba utadumu maadamu Wamasai wako kama taifa. Haukudumu miaka kumi. Mwaka 1911 ulitengenezwa mkataba mwingine wa kuwaondoa Laikipia pia.

Sasa tupime. Koitalel alipigana, nchi ikachukuliwa. Lenana alifanya urafiki, nchi ikachukuliwa. Wakikuyu wa Dagoretti walikula kiapo na mgeni, kisha wakamchomea ngome, na nchi ikachukuliwa. Tunayo methali isemayo, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Lakini hapa waliosikia na wasiosikia walivunjika guu pamoja. Je, shauri la Mugo lilikuwa na faida gani?

Kabla ya kujibu, yatupasa kuuliza kwanza kama Mugo alisema maneno hayo kweli. Wakikuyu wa siku zake hawakuwa na maandishi. Habari za maono yake zilijulikana sana duniani kwa kitabu cha Jomo Kenyatta, Facing Mount Kenya, kilichotolewa London mwaka 1938. Hesabu miaka: ni miaka 37 tangu reli ifike ziwani. Wakati huo kila mtu alikuwa amekwisha kuona nguo, bunduki, reli, na walowezi. Ni rahisi kumtilia nabii maneno kinywani baada ya mambo kutimia. Isitoshe, Kenyatta hakuwa msimulizi tu. Alikuwa amepelekwa Uingereza na chama cha Wakikuyu kudai ardhi yao. Habari ya Mugo ilimfaa sana, kwa kuwa ilionyesha kwamba Wakikuyu hawakushindwa vitani wakapoteza nchi. Walimpokea mgeni, na mgeni akavunja adabu ya ugeni. Hiyo ni hoja ya mwanasheria mbele ya baraza, ijapokuwa imevikwa nguo ya simulizi.

Je, tuseme basi kwamba habari yote ilibuniwa? Hapana, hiyo nayo ingekuwa haraka. Kwanza, mfano wa nyoka umepatikana kwa Wakikuyu, Wakamba, na Wanandi, mataifa yenye lugha mbalimbali, nao wote waliusimulia kwa vinywa vya watu wao wenyewe. Pili, bara haikuwa chumba kilichofungwa. Wakamba walikuwa wakipeleka pembe za ndovu Mombasa tangu zamani, na mwaka 1849 mmisionari Ludwig Krapf alifika Ukamba, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa. Joseph Thomson alipita mpakani mwa Ukikuyu mwaka 1883, na Teleki na mwenzake von Höhnel walipita katika nchi yenyewe mwaka 1887. Wapagazi wa misafara walikuwa wameona merikebu za moshi, na wengine walikuwa wamesikia habari za reli za nchi nyingine. Maneno hayo yalitembea kutoka moto mmoja wa kambi hadi mwingine. Mtu mwenye masikio yaliyo wazi, na aliyezoea kufikiri habari za taifa lake, aliweza kuyakusanya, akalala nayo, na usiku yakamjia kwa umbo la nyoka.

Wengine watasema kwamba maelezo hayo yanampunguzia Mugo heshima. Mimi naona yanamwongezea. Kusikia habari za mbali ni jambo la watu wengi. Kujua maana yake ni jambo la wachache. Wapagazi waliona bunduki na merikebu, wakasimulia maajabu. Mugo, kama simulizi inavyotueleza, aliona kwamba maajabu hayo yana njaa, na kwamba njaa yake ni ya ardhi.

Ili tuielewe vema habari hii, tutoke Kenya kidogo twende Marekani, kwa taifa la Lakota, ambao waliishi kwa kuwinda nyati katika nyanda pana. Huko nako njia ya chuma ilikuwa imepita. Mwaka 1869 reli iliunganisha bahari mbili za nchi ile, wawindaji wakaja kwa magari ya moshi, na makundi ya nyati yakamalizwa. Mmoja wa Lakota, mtu mtakatifu aitwaye Black Elk, alizaliwa 1863. Alipokuwa na umri wa miaka 9 aliugua, akalala siku nyingi kama maiti, na katika kulala kwake akachukuliwa mawinguni mbele ya wazee sita, ambao ni nguvu za pande zote za dunia. Walimwonyesha taifa lake likitembea katika duara takatifu, na katikati ya duara mti wa kuchanua. Walimpa kazi ya kuustawisha mti huo. Mtoto huyo alipoamka hakumwambia mtu kwa miaka mingi, na siri ile ilimtesa kama michubuko ilivyomtesa Mugo.

Black Elk aliona ushindi wa watu wake juu ya jeshi la Marekani huko Little Bighorn mwaka 1876. Aliona pia msiba wa Wounded Knee, tarehe 29 Desemba 1890, ambapo askari waliua zaidi ya Walakota 250, wengi wao wanawake na watoto. Baadaye alibatizwa, akawa mwalimu wa dini ya Kikatoliki. Mwaka 1931, akiwa mzee, alimsimulia mshairi John Neihardt maono yake. Mwanawe Ben alifasiri, na binti wa Neihardt akaandika. Kitabu kilitoka mwaka 1932. Black Elk alifariki mwaka 1950.

Wasomaji wengi walivutwa na mwisho wa kitabu hicho, ambapo mzee asikitika kwamba ndoto ya taifa imekufa. Lakini mwaka 1984 maandishi yaliyoandikwa siku za mazungumzo yalichapishwa, na ikaonekana kwamba maneno yale mashuhuri ya mwisho yalikuwa ya Neihardt mwenyewe. Mshairi aliona hadithi ya taifa lililokwisha. Mzee alikuwa angali anautumainia mti wake. Hapo twajifunza jambo kubwa. Maono ya mtu mtakatifu hutufikia kwa mkono wa mwingine, na mkono huo huacha alama. Kwa Black Elk maandishi ya kwanza yalisalia, nasi twaweza kutenga maneno ya mzee na maneno ya mwandishi wake. Kwa Mugo wa Kibiru tuna kumbukumbu za wazee na kitabu cha mtu mwenye hoja yake. Kwa hiyo yatupasa kusoma kwa uangalifu mara mbili.

Sasa twaweza kurudi kwenye swali letu la faida. Maono ya namna hii si kalenda, wala si ramani. Yangekuwa kalenda tungeyahukumu kwa tarehe. Maono ni njia ambayo watu walioshikwa na msiba hupata kuufikiria, badala ya kukanyagwa nao kama mchwa wakanyagwavyo na ng'ombe. Mtu apigwaye na kitu asichokijua hupoteza nguvu; mtu awezaye kusema, haya tuliambiwa, huwa ameanza kukishika kitu hicho kwa akili yake. Shauri la Mugo halikuizuia reli, wala halikuizuia serikali ya kikoloni. Lakini sehemu yake ya pili, ile ya kujihadhari na kukumbuka mpaka, haikufa. Iliwapa Wakikuyu maneno ya kudai: huyu alikuja mgeni, tulimpa nafasi ya kupumzika, hatukumpa nchi. Maneno hayo yalipelekwa mbele ya serikali ya London, yakasemwa katika mikutano, na mwishowe yalibebwa hadi misituni.

Yasimuliwa pia kwamba Mugo aliacha tumaini. Alisema kuwa mti mmoja wa mugumo, huko Thika, utakapoanguka, utawala wa wageni utakwisha. Wenyeji husema kwamba watawala waliposikia hayo waliujengea mti ule uzio imara ili usianguke, na kwamba radi iliupiga, ukaanguka mwaka 1963. Desemba ya mwaka huo Kenya ilipata uhuru. Tuitazame habari hii kama tulivyoitazama ile ya kwanza. Hata kama imepambwa, inatuambia kwamba watu walikuwa wakiutazama mti huo kwa miaka mingi, wakingoja. Na mtu anayengoja hajashindwa.

Ngugi wa Thiong'o alimrudisha Mugo mbele ya vijana katika riwaya yake The River Between, iliyotoka mwaka 1965. Humo mzee Chege, wa ukoo wa nabii, anampeleka mwanawe shule ya misheni ajifunze siri za mzungu bila kuzifuata tabia zake mbaya. Hilo nalo ni shauri lenye sehemu mbili, na sehemu ya pili ndiyo ngumu, kama ilivyokuwa zamani.

Nyoka wa chuma ameishi muda mrefu kuliko serikali iliyomleta. Mataifa aliyoyatandaa juu ya ardhi yao sasa humpanda kwenda kazini. Wajukuu wa askari wa Kinubi, waliowekwa Kibera mwanzoni mwa karne ya 20 na serikali ile ile, wamezaliwa na kuzeeka kando yake, na pamoja nao watu wa kila kabila la Kenya. Lakini swali la ardhi halijalala. Katika machafuko yaliyofuata uchaguzi, Januari 2008, vijana waliing'oa reli hapo Kibera, na shehena za Uganda zikakwama njiani. Safari hii hawakuwa wakipigana na mgeni kutoka majini. Jirani aligombana na jirani, na ardhi ilikuwa mojawapo ya sababu.

Kwa hiyo shauri la mzee wa Kariara bado lina kazi kwetu. Watu watakuja, na vyombo vipya vitakuja, kila kimoja na moto wake na moshi wake. Tuvipokee kwa adabu, maana kuvipiga mikuki hakufai. Lakini tujue mpaka wa uwanja wetu uko wapi, na tuuseme wazi siku ya kwanza, kabla ya ngome kujengwa. Na mwanafunzi mwenye babu au bibi aliye hai amwulize habari za kale, aziandike kwa maneno ya mzee mwenyewe, pamoja na jina la msimulizi na tarehe ya siku hiyo. Laiti mtu angalimfanyia Mugo wa Kibiru kazi hiyo ndogo, leo tungalijua alichokiona kwa kinywa chake mwenyewe.